Anza na Tundu: Mwongozo Kamili wa Kusoma Vyombo vya Mawe vya Misri ya Kale vyenye Maumbo ya Wanyama

Katika vyumba vya Misri vya majumba makubwa ya makumbusho kuna kabati ambalo wageni hulipita mbio, wakiwahi kuona maiti zilizokaushwa. Ndani yake kuna chura wa jiwe mwenye shimo mgongoni, ndege mnene asiye na miguu, samaki ambaye mdomo wake ndio mdomo wa chupa, na pengine tumbili aliyemkumbatia mwanawe. Ni vyombo. Vilichongwa kwa mkono kutoka pande moja la jiwe, na vingine vina umri wa miaka zaidi ya 5,000, kabla hata piramidi ya kwanza haijajengwa.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kusimama mbele ya kabati hilo, au mbele ya picha kwenye simu, na kuelewa anachokitazama. Kanuni yangu ni moja, na haifanani na maelezo mengi yanayosambaa mtandaoni: anza na tundu, mfuate mnyama baadaye, miungu iwe mwisho kabisa. Anayeanza na miungu hujikuta ameandika sentensi ileile kila mara, kwamba chura ni mungu wa kike Heqet, basi ni uzazi, basi tumemaliza. Huenda ni kweli kwa chombo fulani. Lakini chombo kilichoko mbele yako kinaweza kuwa kimetangulia maandishi ya kwanza yanayomtaja Heqet kwa miaka elfu moja hivi.

Hatua ya 1: Chagua kimoja, kisha tafuta picha ya juu

Usijaribu kusoma kabati zima. Chagua chombo kimoja tu.

Kama huna safari ya karibuni, mtandao unatosha kwa kuanzia. Metropolitan Museum ya New York iliruhusu mwaka 2017 picha zake za kazi zisizo na hakimiliki zitumike bure. British Museum inayo orodha yake mtandaoni, na Petrie Museum ya University College London, yenye vitu takriban 80,000, imekipa kila kitu chake namba inayoanza na herufi UC. Tafuta kwa Kiingereza, jina la mnyama pamoja na neno la chombo, kisha chuja kwa Misri. Kwa atakayefika Kairo, jumba la zamani la Tahrir lipo tangu 1902, na hazina za farao Tutankhamun sasa zimehamia Grand Egyptian Museum kule Giza.

Soma vipimo kabla ya kuitazama picha. Mpiga picha hodari humfanya chura wa sentimita sita aonekane kama sanamu ya uwanjani, na vingi vya vyombo hivi hutoshea kiganjani. Halafu tafuta picha iliyopigwa kutoka juu. Majumba mengi hupenda kuonyesha ubavu kwa sababu ndiko mnyama anakoonekana vizuri, lakini kazi yetu ya kwanza iko juu, kwenye mdomo wa chombo.

Hatua ya 2: Chungulia ndani

Fundi alianza kwa kuchonga umbo la nje na kulisugua. Ndipo alipogeukia kazi ngumu: kulitoboa jiwe bila kulipasua. Kazi hiyo imechorwa kwenye kuta za makaburi ya Saqqara, likiwemo la Mereruka, waziri wa Nasaba ya 6 (karibu 2300 KK). Fundi ameshika keekee yenye mpini uliopinda, karibu na juu pamefungwa mawe mawili ya kuongeza uzito, na chini mti umegawanyika panda kushika jiwe la kukatia. Kifaa hicho kiliingia hata kwenye maandishi yao, picha yake ikasimamia ufundi wenyewe.

Kwa mawe laini, ncha ya keekee ilikuwa kipande cha gumegume kilichochongwa kama hilali. Kwa mawe magumu zaidi walitumia jiwe jingine gumu, au bomba la shaba, pamoja na mchanga. Mchanga ndio unaokata. Shaba huushikilia tu na kuuzungusha. Mwingereza Denys Stocks alivitengeneza upya vifaa hivi na kuvijaribu juu ya mawe yaleyale, na majaribio yake yanafaa kumjibu kila anayedai kwamba kazi hii haikuwezekana bila mashine zilizopotea au wageni kutoka sayari nyingine. Iliwezekana. Ilitaka mchanga mwingi, mkono usiochoka na siku nyingi.

Sasa tazama ndani ya tundu. Utaona mistari ya duara, mmoja chini ya mwingine, iliyoachwa na keekee. Nje fundi aliisugua ikawa laini. Ndani mara nyingi aliiacha, kwa kuwa hakuna aliyetarajiwa kuona. Kisha linganisha tundu na mwili. Hapa ndipo wengi hushangaa: ndege ana tumbo kubwa kama nazi, lakini ndani shimo limeshuka wima na jembamba, kuta zikabaki nene sana. Chombo cha namna hiyo kilibeba kidogo mno. Hakikuwa cha maji wala bia wala nafaka, kwa hayo kulikuwa na vyungu vya udongo. Kilibeba kitu cha thamani kinachochotwa kwa ncha ya kidole au kijiti.

Ukiona kinyume chake, yaani ndani pana kuliko mdomo, jua unatazama kazi ya fundi bingwa. Alipitisha kwenye mdomo mwembamba jiwe refu la kukatia, lililobonyea katikati kama tarakimu 8, kisha akalilaza na kulizungusha ndani ili kupanua tumbo. Kosa dogo tu, bega la chombo linapasuka na kazi yote imepotea.

Kuna pia vyombo ambavyo tundu ni kina cha kucha tu, au halipo kabisa. Usiseme havikumalizika. Katika makaburi ya Ufalme wa Kale, yaani enzi ya piramidi kubwa, kuna vyombo vingi vya mawe vilivyotengenezwa vikiwa vitupu vya makusudi, kwa ajili ya marehemu, ambaye alihitaji umbo la chombo kuliko nafasi iliyo ndani yake.

Kulikuwa na nini ndani? Mara nyingi wanja na mafuta ya kupaka. Wanja mweusi ulisagwa kutoka galena, madini ya risasi yanayong'aa, na wa kijani kutoka malakaiti. Akina mama wa pwani wanaoujua wanja wa manga hawahitaji kuelezwa zaidi. Mafuta tunayajua kwa uhakika kutoka kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa na mwanaakiolojia Howard Carter Novemba 1922. Marhamu kutoka mojawapo ya vyombo vya kaburi hilo yalipimwa na wakemia Chapman na Plenderleith, na matokeo yaliyochapishwa 1926 yalionyesha karibu asilimia 90 mafuta ya mnyama, yaliyobaki utomvu wenye harufu. Na thamani yake? Wezi walioingia humo zamani zile waliyachota mafuta kwa mikono na kuondoka nayo, wakiacha vyombo. Carter alikuta alama za vidole vyao bado zimeganda kwenye kuta za ndani.

Kumbuka alama hizo kila unapokisifu chombo na kusahau kilichokuwemo. Kwa mwizi aliyekuwa na haraka, jiwe lilikuwa kifungashio.

Hatua ya 3: Lijue jiwe

Jina la jiwe huandikwa kwenye maelezo ya chombo, lakini jifunze kulitambua mwenyewe, maana maelezo ya zamani hukosea.

Kalisaiti ndilo la kawaida kuliko yote baada ya nyakati za mwanzo: jeupe hadi rangi ya asali, lina mistari kama ya mbao, na ukiliwekea taa nyuma linapitisha mwanga. Vitabu vingi huliita alabasta. Wanajiolojia hulihifadhi jina hilo kwa jasi, ambayo ni laini zaidi, kiasi kwamba ukucha huikwaruza. Kwenye kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10, kalisaiti ni 3 na jasi ni 2. (Usijaribu ukucha wako makumbusho. Askari hawatakuelewa.) Machimbo mashuhuri ya kalisaiti yalikuwa Hatnub, jangwani mashariki mwa Amarna, ambako jina la Khufu, mwenye Piramidi Kuu, limechongwa kwenye mwamba.

Brekia ndiyo ninayoipenda. Ni jiwe la chokaa lililovunjikavunjika likaunganishwa tena na udongo mwekundu ardhini: vipande vyeupe na vya manjano ndani ya wekundu wa damu ya mzee. Mafundi wa kabla ya mafarao walilichagua kwa ndege na vyura, na ukitazama utaona sababu. Mabaka ya jiwe yenyewe yanakuwa ngozi na manyoya. Fundi hakuchonga unyoya hata mmoja. Alichonga duara safi, akaling'arisha, akaliachia jiwe kazi iliyobaki.

Serpentini ni ya kijani au nyeusi yenye madoa, hutoka Jangwa la Mashariki, na ilipendwa sana kwa vyombo vidogo. Jiwe la sabuni ni laini kuliko yote hayo. Anhidriti, yenye ubuluu wa moshi, ni alama ya Ufalme wa Kati. Ukiona chombo kidogo cha buluu kilichofifia na tumbili wamechongwa ubavuni, karibu uhakika uko kwenye karne zile za baada ya mwaka 2000 KK. Dioriti na ndugu zake, wenye ugumu wa 6 na zaidi, walichongwa kwa wingi kuwa bakuli na mitungi, ila si mara nyingi kuwa wanyama.

Jiwe pia linaeleza kwa nini wanyama hawa wana maumbo haya. Miguu haipo au imebanwa kwenye tumbo. Shingo ni fupi. Mkia umelala mwilini. Chochote kinachochomoza kingekatika fundi akiwa bado anazungusha keekee. Basi wanyama waliochaguliwa zaidi ni wale ambao tayari ni duara kwa asili: chura, kobe, kiboko, kalunguyeye, ndege aliyejikunyata. Twiga hangefaa, hata kama Wamisri wa kale walimjua vizuri na kumchora.

Hatua ya 4: Masikio, macho, kitako

Masikio ninayosema hapa ni ya chombo. Tafuta vishikizo viwili vidogo ubavuni, vimetobolewa kwa ulalo. Uzi au kamba ya ngozi ilipita humo, ama kukining'iniza chombo, ama kufungia kifuniko cha nguo au ngozi. Kwa chura, fundi mjanja hugeuza masikio hayo kuwa sehemu ya mwili, na unajikuta huwezi kusema kama ni bega au ni kishikizo. Ukipata picha ya karibu, tazama ukingo wa juu wa kila tobo. Ukiwa umelika na kulainika, chombo kilitumika kikiwa mikononi mwa watu kabla hakijaenda kaburini.

Macho mara nyingi ni matundu matupu. Yalijazwa kwa ganda, mfupa au jiwe la rangi, kisha vijazo vikadondoka. Usidhani mnyama alikusudiwa kuwa kipofu. Kuona jinsi macho yanavyobadili kila kitu, mtafute paka wa kalisaiti wa Metropolitan Museum, chombo cha vipodozi cha mwanzo wa Nasaba ya 12, kati ya takriban 1990 na 1900 KK. Macho yake ni ya fuwele angavu iliyozungushiwa shaba, na yanakutazama kana kwamba umeingia jikoni bila hodi. Wataalamu wa jumba hilo wanamhesabu kuwa sanamu ya kwanza inayojulikana ya paka iliyochongwa pande zote kutoka Misri.

Kitako hakihitaji muda mrefu. Kikiwa bapa, chombo kilikaa mezani au mkekani. Kikiwa mviringo na masikio yapo, kilining'inia.

Hatua ya 5: Mtambue mnyama kwa mwili wake

Sasa mnyama. Mtambue kwa viungo, bila kutegemea hisia, kwa sababu kwenye jiwe lililorahisishwa chura na kiboko wanakaribiana kuliko unavyodhani.

Chura hana shingo, macho yamechomoza juu ya kichwa, na miguu ya nyuma imekunjwa ubavuni. Kobe wa Mto Nile ni bapa, gamba mviringo, kichwa kidogo kilichochomoza mbele na miguu minne ikionekana kutoka juu. Kiboko ana pua pana iliyokatwa wima na masikio madogo. Tembo ni nadra, na kwa kawaida humtambui kwa mkonga, ambao umebanwa usivunjike. Unamtambua kwa masikio yaliyotandazwa.

Samaki anayekutwa zaidi ni sato, yuleyule anayejulikana Kenya kama ngege: mwili mpana, pezi refu la miiba mgongoni, mkia wenye ukingo karibu wima. Kwa nyani na tumbili tazama pua na mkia. Nyani ana pua ndefu kama ya mbwa, na dume ana manyoya mazito mabegani. Tumbili ana uso mfupi na mkia mrefu mwembamba. Tofauti hii ina uzito kwenye hatua ya 7, maana nyani alihusishwa na Thoth, mungu wa maandishi, na tumbili hakuwa na cheo hicho.

Bata ana mtego wake. Kuna bata aliye hai, na kuna bata aliyenyonyolewa, shingo imekunjwa, mabawa na miguu vimefungwa, tayari kwa sadaka. Huyu wa pili alichongwa kwa kalisaiti hasa katika Ufalme wa Kati. Unapomwona usizungumzie maisha ya ndege mtoni. Huyo ni kitoweo.

Hatua ya 6: Weka umri

Vyombo vya mawe vya maumbo ya wanyama havikutengenezwa kwa kiasi kilekile katika historia yote ya Misri. Wimbi la kwanza ni la utamaduni wa Naqada, wa kabla ya mafarao, hasa awamu ya II (takriban 3500–3200 KK) na ya III (3200–3000 KK), likiendelea hadi nasaba mbili za kwanza. Huko ndiko kwenye brekia, serpentini, masikio ya kamba, na miili iliyorahisishwa hadi ikabaki duara na macho.

Tarehe hizi zina historia yake. Mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alichimba Naqada msimu wa 1894–95, akafukua makaburi zaidi ya 2,000, na mwanzoni akaamini kwamba yalikuwa ya watu wageni waliovamia Misri baada ya Ufalme wa Kale. Mfaransa Jacques de Morgan ndiye aliyetambua kuwa ni Wamisri wenyewe, wa kabla ya mafarao. Petrie alikubali, kisha akatoa jibu la kipekee: aliyapanga makaburi kwa kufuatilia namna vyungu vya udongo vilivyobadilika umbo polepole, akayapa namba kuanzia 30 hadi 80, na kuacha 1 hadi 29 wazi kwa ajili ya vitu vya kale zaidi ambavyo huenda vingegunduliwa. Kwa hiyo tarehe ya chura wako wa jiwe, kama ipo, inatokana na vyungu vya kawaida vilivyolala naye kaburini. Chombo kilichonunuliwa sokoni bila kaburi hakina jamaa wa kumtolea ushahidi, na tarehe yake ni ya kulinganisha umbo tu.

Uzito wa ufundi huu ulifika kileleni chini ya Piramidi ya Ngazi ya mfalme Djoser, karibu 2650 KK, ambako vyombo vya mawe takriban 40,000 vilirundikwa kwenye njia za chini ya ardhi, baadhi vikiwa na majina ya wafalme waliomtangulia. Vingi vya vyombo hivyo havina umbo la mnyama, lakini vinakupa kipimo cha jamii iliyokuwa na mafundi wa namna hii.

Baada ya hapo alama ni rahisi. Tumbili wa kalisaiti mwenye jina la mfalme: Nasaba ya 6, kama yule mama na mwanawe wa Metropolitan Museum mwenye jina la Merenre. Vyombo vya namna hii vinahusishwa na zawadi ambazo mfalme aliwapa watu wake, hasa kwenye sikukuu ya sed ya kuuhuisha utawala. Anhidriti na bata wa sadaka: Ufalme wa Kati. Simba aliyesimama, mkono mmoja juu, ulimi nje: Ufalme Mpya, na karibu bila shaka unatazama kitu cha Tutankhamun.

Hatua ya 7: Sasa uliza juu ya imani

Kama umefuata hatua zilizotangulia, una jiwe, matumizi, mnyama na umri. Swali la imani sasa lina mipaka.

Chukua kobe. Katika makaburi ya Naqada anaonekana mara kwa mara, kwenye vyombo na kwenye vibao vya kusagia wanja, na hakuna dalili kwamba alichukiwa. Miaka elfu mbili baadaye Kitabu cha Wafu, maandishi ya kumwongoza marehemu, kinamtangaza adui wa Ra, mungu wa jua, kwa maneno makali: Ra aishi, kobe afe. Anayechukua maneno hayo akambandika kobe wa Naqada anamsingizia. Aliyemiliki kibao kile alipaka wanja wake kila siku kutoka mgongoni mwa mnyama huyo.

Chura ni mgumu zaidi kwa sababu mambo yanakaribia kulingana. Sanamu za vyura ziliwekwa kama nadhiri kwenye mahekalu ya mwanzo, Abydos ikiwemo. Heqet anatajwa katika Maandishi ya Piramidi, ambayo yalianza kuchongwa kwenye piramidi ya mfalme Unas karibu 2350 KK, na baadaye ni mlinzi wa mama wanaojifungua. Maji ya Nile yalipopungua baada ya mafuriko, matope yalijaa vyura, na kiluwiluwi kikawa alama ya namba 100,000. Hapo una hoja nzuri kwamba chura alihusishwa na wingi na uhai unaojirudia tangu mapema. Andika hivyo: hoja nzuri. Jina la Heqet libakize kwa vyombo vya baada ya maandishi.

Sato anafurahisha kwa sababu biolojia ndiyo inayoeleza. Jike wa sato hubeba mayai kinywani, na hata vifaranga vinapoanguliwa hurudi kujificha humo hatari ikija. Wavuvi wa maziwa yetu wanalijua hilo bila kitabu. Wamisri waliona watoto wakitoka hai kinywani mwa samaki, wakamfanya ishara ya kuzaliwa upya, wakamweka karibu na mashua ya jua katika nyimbo za mazishi. Sasa mrudie samaki wa jiwe: mdomo wa chupa ni mdomo wa sato, na mafuta yanatoka palepale watoto wanapotoka. Hapa umbo la chombo na imani vimekutana kwenye tundu, na ndiyo maana niling'ang'ania tuanze nalo.

Tumbili walitoka kusini, kupitia Nubia, wakafugwa majumbani. Wanachorwa chini ya viti vya mabibi, wakiandamana na vipodozi na mapambo. Mama tumbili aliyekumbatia mtoto, amebeba mafuta, anazungumza juu ya bidhaa za mbali, anasa na uzazi kwa pamoja. Sioni sababu ya kulazimisha jibu moja.

Simba wa Tutankhamun hahitaji kukisiwa. Mkono wake wa kushoto umewekwa juu ya alama ya sa, ambayo ni ulinzi. Mafuta yaliyomo yako chini ya ulinzi wake. Wezi, kama tulivyoona, hawakuisoma.

Kwa wanyama wakubwa wa mwanzo, kiboko na tembo, kuna ushahidi wa aina nyingine kabisa. Huko Hierakonpolis, kwenye makaburi ya watu wakubwa ya karibu 3600 KK, wachimbaji wamekuta tembo, viboko, nyani, chui na mamba waliozikwa. Baadhi walikuwa na mifupa iliyovunjika ikaunga, maana yake walifungwa na kulishwa kwa muda kabla ya kufa. Mtu aliyeweza kumfunga kiboko na kumlisha alionyesha nguvu ambayo jirani zake hawakuwa nayo. Kiboko mdogo wa jiwe katika mkono wa mtu wa zama hizo huenda alikuwa na harufu ya mamlaka kuliko ya maombi. Taweret, mungu wa kike mwenye umbo la kiboko anayelinda wajawazito, alikuja kupata umaarufu baadaye sana.

Hatua ya 8: Shuku

Vyombo hivi vinaghushiwa kwa wingi, na sababu iko wazi: ni vidogo, vinapendeza, havina maandishi ya kukosea, na jiwe haliwezi kupimwa umri kama mbao au mfupa. Kalisaiti bado inachongwa hadi leo kwenye karakana za ng'ambo ya magharibi ya Luxor, kihalali, kwa ajili ya watalii. Tatizo huanza mtu wa tatu anapokiuza chombo hicho kama cha zamani.

Rudi kwenye tundu. Mistari iliyonyooka mno na yenye nafasi sawa, au tundu lililong'arishwa ndani kuliko nje, ni dalili mbaya. Tazama kama mnyama wa Naqada ana maelezo mengi kupita kiasi: kope, magamba, kucha kila kidole. Tazama uchakavu: chombo kilichozikwa huchakaa kwenye sehemu zilizochomoza, wakati mghushi hupenda kuvunja kipande kimoja pembeni, mahali pasipoharibu sura.

Muhimu kuliko hayo yote ni historia ya umiliki. Sheria ya Misri Na. 117 ya mwaka 1983 ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale, na Mkataba wa UNESCO wa 1970 unahusu usafirishaji haramu. Chombo kinachotangazwa mtandaoni bila karatasi kinaweza kuwa bandia, au kinaweza kuwa cha kweli na kimeibwa. Vyote viwili vina dawa moja: usinunue.

Hatua ya 9: Andika kadi yako

Mwisho, andika ulichokiona kwa mpangilio uleule. Tuseme umepata picha tatu za chura mdogo aliyenunuliwa miaka mingi iliyopita, bila taarifa za kaburi. Kadi yake inaweza kusomeka hivi:

*Chombo kidogo cha serpentini ya kijani yenye madoa meusi. Mdomo mviringo mgongoni, wenye ukingo mwembamba. Ndani mistari ya keekee inaonekana, tundu ni jembamba kuliko mwili. Masikio mawili yaliyotobolewa kwa ulalo, ukingo wa juu umelika: kilitumika. Macho ni matundu ya duara, vijazo vimepotea. Mnyama ni chura: hana shingo, miguu ya nyuma imekunjwa. Kwa umbo na jiwe, Naqada II hadi mwanzo wa mafarao. Huenda kilikuwa cha wanja au mafuta. Chura wa zama hizi huenda anahusiana na wingi na uhai, mungu hatajwi. Hakina kaburi linalojulikana.*

Ukiishamaliza kadi ya kwanza, chagua ya pili kutoka zama tofauti na mnyama yuleyule, chura wa Naqada kwa chura wa Ufalme Mpya kwa mfano, na uziweke sambamba. Mstari wa kutazama kwanza ni ule wa tundu.